Usiniite Laikeni

Wakesho,

Sikuulizi hali, kwa sababu nakusikia hapo chumbani ukipambana na zipu ya begi, na kuta za nyumba hii ya Mansoura, hapa Doha, hazijawahi kuficha kitu. Wewe huongei na mimi, mimi siongei na wewe, basi nimekaa jikoni na kalamu. Kesho asubuhi ndege yako itaondoka, na saa hiyo mimi nitakuwa hospitalini nimevaa yunifomu, nikimpima mtu presha. Nilimwomba meneja wa wauguzi anibadilishie shifti nikusindikize, akakataa. Nikasema sawa. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa lile koti lako, uisome ukishakuwa hewani.

Sitakuambia ule vizuri wala uvae soksi mbili. Umekuwa mtu mzima, na kama huyajui hayo mpaka leo, barua haitakusaidia. Nataka kukueleza kwa nini nimekuaibisha mbele ya wageni.

Najua wewe ulivyoona. Watu wa ushirika wa kanisa wamejaa sebuleni baada ya ibada ya Ijumaa, kimanga changu cha muhogo na maharagwe kimesifiwa hata na wale ambao hawajui Taita iko wapi, nawe umesimama na gilasi ya juisi kutoa shukrani. Ulisema vizuri. Sauti haikutetemeka. Halafu ukasema: "Kule Norwei naenda kusoma laikeni, yale madoa yanayoishi juu ya miamba ya bahari ya baridi. Yanapigwa na chumvi, yanapigwa na barafu, hayana mizizi, hayana udongo, na hayalalamiki. Nikiulizwa ni nani alinifundisha kuyapenda, nitasema ni mama. Mama yangu ni laikeni." Watu wakapiga makofi. Kuna mama mmoja akapiga hata vigelegele. Mimi nikainuka, nikaingia jikoni, nikaanza kuosha sufuria zilizokuwa zimeshaoshwa, kwa kelele iliyowafanya wageni waanze kutafuta viatu vyao. Ukaja mlangoni ukaniuliza, "Mama, kwani nimesema nini kibaya?" Nikakujibu, "Funga mlango."

Hukusema kibaya. Ulinisifu, na sifa yenyewe ndiyo iliyonichoma. Hiyo sifa nimeisikia tangu nifike nchi hii. "Sister ni mvumilivu sana." Mgonjwa akinitukana, Sister ni mvumilivu. Likizo yangu ikipewa mwingine, Sister ni mvumilivu. Na juzi, nilipotoka kwa meneja nikiwa nimekubali nisimsindikize mtoto wangu wa pekee uwanja wa ndege, alinifungulia mlango mwenyewe akaniambia nina moyo mzuri. Bado nilikuwa naisikia ile "sawa" yangu mdomoni, nawe ukasimama mbele ya watu ukaipigia makofi.

Usidhani sikuwa nakusikiliza miaka yote ulipokuwa ukinifundisha hayo mambo mezani. Nilikuwa naguna tu, lakini naweza kukusimulia yote. Ulinionyesha picha za ufuo wa huko, mwamba umejipanga rangi kama mtu ameupaka kwa brashi. Chini kabisa, pale mawimbi yanapofika, kuna utando mweusi ambao mimi nilidhani ni mafuta ya meli yamemwagika. "Ni laikeni hiyo, Mama. Chumvi inayoua kila mmea, yeye anaishi nayo." Juu yake ile ya rangi ya machungwa, ambayo rangi yenyewe ni kinga ya jua, na hunawiri pale ndege wanapokunya. Juu zaidi zile za kijivu, zina vindevu, zinakunywa ukungu na matone ya mawimbi. Ukaniambia zina sukari yake ndani inayozuia zisipasuke maji yakiganda. Upepo ukizikausha, zinalala. Zinaweza kulala muda mrefu, na mvua ikizigusa tu zinaamka na kuendelea na kazi.

Na ukaniambia si kitu kimoja. Ni kuvu na mwani wamekubaliana kuishi nyumba moja. Kuvu hujenga kuta, hushika jiwe, huzuia upepo. Mwani ndani yake hupika kwa jua.

"Na nani anakula?" nilikuuliza.

"Wote. Lakini kuvu ndiye hula zaidi. Wapo wanaosema mwani ni kama mfungwa tu."

"Mfungwa anayempikia askari," nikasema. "Hiyo sihitaji kwenda Norwei kuiona. Anayekuajiri anashika karatasi zako, wewe unapika, na wote mnaitana ndugu."

Ulicheka mpaka ukamwaga chai ya karak kwenye kitambaa cha meza. Mimi sikuwa natania.

Sasa nikuambie kisa cha nyanya yako, kwa sababu unakijua nusu. Unajua sikwenda kumzika. Siku zote nimekuambia kwamba ruhusa ya kutoka nchini ilichelewa, na ni kweli ilichelewa. Bila sahihi ya mwajiri hapa hutoki, hata ukiwa na tiketi mkononi. Ulikuwa darasa la tano. Mjomba wako alinipigia simu nikiwa zamu, akasema mama ametuacha, watanisubiri. Nikaenda ofisini. Wakaniambia mwenye kusaini yuko likizo, "bukra, Sister, inshallah." Nikarudi wodini, nikabadilisha bendeji. Bukra ikafika na kuzaa bukra nyingine. Kila nilipoambiwa kesho, nilisema sawa, na nikasema asante, haki ya Mungu nilisema asante! Nyumbani mochari ilikuwa inadai, wazee wakachoka kusubiri. Nilimsikia mama yangu akizikwa kwa simu. Mjomba wako aliiinua simu juu karibu na mchungaji, upepo wa mlimani ukawa unavuma ndani ya sikio langu, sikuelewa hata neno la mahubiri. Koleo ndiyo niliyoisikia vizuri.

Nusu usiyoijua ni hii. Kabla mwaka ule haujaisha, Namusoke, yule Mganda tuliyekuwa naye wodi moja, alipata habari kwamba baba yake ni mahututi. Akaenda ofisini, akaambiwa bukra. Namusoke akavua viatu, akaketi sakafuni mbele ya mlango wa meneja, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alilia kwa Kiganda, akalia kwa Kiingereza, akaita jina la baba yake. Wagonjwa wakatoka na dripu zao kuja kutazama. Wakamwambia ainuke, akakataa. Wakamwambia atafukuzwa, akasema fukuzeni, lakini kwanza sainini. Kumbe mwenye kusaini alikuwa na simu huko likizoni kwake! Kabla ya chakula cha mchana karatasi ilikuwa tayari, na Namusoke alimkuta baba yake hai.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilimwonea aibu. Nilisimama pale na trei ya sindano nikawaza, jamani, huyu hana adabu, anatuharibia jina Waafrika. Meneja akapita karibu nami akasema polepole, "Wewe si kama huyu, Sister. Wewe una subira." Nami nikafurahi, Wakesho. Mama yangu ana udongo juu yake, mtu ananipa peremende, na mimi nafurahi. Nilitembea ule ukumbi nimeinua shingo. Hilo ndilo linalonirudia, kuliko hata koleo.

Baba yako hakuwa na subira hiyo, na kwa hilo nilimdharau pia. Alikaa hapa mwaka mmoja, akalalamika kila siku: joto, bosi, chumba, chakula. Halafu akarudi Voi akaanza maisha na mwingine. Nikajiambia yeye ni mwepesi, mimi ni mzito. Sasa sijui. Angalau yeye alijua kilichokuwa kinamuuma na alikisema.

Mwaka uliofuata mazishi ya nyanya yako ndipo tulipopewa likizo tukaenda Taita. Kaburi lilikuwa limeshatiwa saruji na saruji imeshaanza kupasuka. Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye ule mwamba wa nyuma ya nyumba, ambapo ulipokuwa mdogo nyanya yako alikufukuza na mwiko kwa sababu ulikuwa ukikwangua madoa yake na kijiko. "Usiuchubue mwamba wangu!" Ulikuwa bado unakumbuka. Uliokota kipande kilichobanduka, kina doa la machungwa na la kijivu, kila moja kama kifungo cha shati, ukakifunga kwenye leso ukaja nacho mpaka Doha. Ukakiweka dirishani, juu ya kiyoyozi.

Wewe uliona jiwe zuri. Mimi kila asubuhi nikifungua pazia nilikuwa naliona lile kaburi ambalo sikusimama kando yake. Nikavumilia, kama kawaida yangu. Halafu siku moja, uko shuleni, nikasema lina vijidudu. Mimi ni muuguzi, nikisema vijidudu nyumba nzima inanyamaza. Nikalitia kwenye beseni la Jik, ile dawa ya kutoa madoa, nikalisugua kwa brashi ya choo mpaka likawa jeupe. Ulirudi ukaliona. Hukulia. Uliniuliza tu, "Mama, unajua ilichukua miaka mingapi kufika pale?" Nikasema, "Ni uchafu." Ukaenda chumbani, na kuanzia wiki ile ukaanza kuleta vile vitabu vya maktaba na kuchora vimadoa nyuma ya madaftari ya hesabu.

Kwa hiyo ukiulizwa huko ni nani alikufundisha kuipenda laikeni, usiseme ni uvumilivu wa mama yako. Ni Jik. Ungewaambia wageni hivyo tungeona ni nani angepiga vigelegele. Jiwe lenyewe liko pale pale dirishani, jeupe kama jino, na sitakuruhusu uondoke nalo. Hilo ni langu.

Unakumbuka nilivyokupeleka ufuo wa Wakrah baada ya hapo? Sikukuambia, lakini ilikuwa ni kuomba radhi. Nilikaa kwenye teksi na dereva, kiyoyozi kinanguruma, nikikutazama ukizunguka kwenye mawe ya ufuoni umejifunga kitambaa kichwani, unainama, unainuka, unainama. Ulirudi umewiva kama pilipili. Ulikuta chokaa tu na vigamba vya chaza. Ukasema, "Hapa mawe yanaungua mno. Hata laikeni haikai." Nikajibu, "Sisi tunakaa," na dereva, Mkenya mwenzetu, akasema amina. Nilijiona nimesema jambo kubwa. Siku hizi nikilikumbuka nataka kumtafuta yule dereva nimwambie airudishe ile amina yake.

Wiki iliyopita tulipokuwa Al Sadd, nje moto unachoma nyayo nawe unajaribu makoti ya theluji dukani huku jasho linakutiririka, uliniambia jambo jingine ukadhani sikulisikia. Ulisema watu wanafikiri laikeni imekaa tu juu ya jiwe. Haikukaa tu. Inatoa asidi, inapenyeza nyuzi zake ndani ya mwamba, na polepole mwamba unamumunyuka, mpaka siku moja panapatikana udongo na kitu kingine kinaota. Muuzaji alikuwa akituhimiza tulipe, mimi nikabaki nimeshika mkono wa koti. Kumbe inang'ata!

Mimi sijang'ata kitu, mwanangu. Ndiyo maana leo nimekwambia ufunge mlango. Ile sifa uliyonipa hata si yangu, laikeni imenizidi. Mimi nilichukua nusu ya tabia yake, ile ya kukauka na kulala, nikaiita nguvu.

Na kuna jambo lingine ulilolisema, na hili ndilo linaloniogopesha. Ulisema laikeni kavu iliyolala na laikeni kavu iliyokufa zinafanana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mpaka uzimwagie maji ungoje uone. Nimeishi hapa miaka mingi nikisema nimelala tu, nasubiri, nikimaliza karo ya Wakesho nitaamka, nikimaliza ile nyumba ya Taita nitaamka. Sasa karo imeisha, wewe unaondoka, na mimi sijui kama maji yakimwagwa kutakuwa na mtu.

Sikwambii uwe kama Namusoke. Huna koo lile. Lakini ukifika huko, na watakupenda kwa sababu nimekulea uwe mtoto rahisi kupendwa, utamsikia mtu akikusifu kwa kutosema kitu. Ukisikia sifa hiyo, jiulize amekuchukulia nini. Mimi sikujiuliza. Nilikufundisha na wewe usijiulize. Ulipoonewa shuleni na yule mwalimu wa hesabu, nilikwambia vumilia. Ulipokataliwa kuogelea na wenzako, vumilia. Ulipotaka kujua kwa nini baba yako hapigi simu, vumilia, kana kwamba lilikuwa jibu. Nilikuwa nakupa dawa moja kwa kila ugonjwa, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi angefukuzwa kwa kulifanya.

Na kesho si siku ya kawaida. Unajua sheria kama ninavyoijua. Ukikaa nje nusu mwaka, kibali chako cha kukaa hapa kinakufa, na mimi siwezi kukufufulia. Umekua hapa, meno yako ya utoto yameng'okea hapa, unajua kila duka la karak kuanzia hapa mpaka Najma, na ukirudi utakuwa mgeni anayeomba viza. Taita unaijua kwa likizo. Kwa hiyo kesho unapovuka ule mlango wa kioo, nyumbani kwako kunafungwa nyuma yako. Na mtu pekee duniani ambaye amekuwa nyumbani kwako atakuwa upande mwingine wa mji, anampima mtu presha, kwa sababu alisema sawa.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini.

Wakesho, kama umesikia sauti yangu hapa jikoni sasa hivi, sikuwa naongea peke yangu. Nimempigia meneja. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika, nikasubiri iishe ili anisikie vizuri. Nikamwambia kesho siji.

"Sister, unaumwa?"

"Siumwi. Mtoto wangu anasafiri."

"Lakini tulizungumza. Ulikubali."

"Nilikubali. Sasa nimekataa."

Akasema kwa ile sauti yake ya asali kwamba ananishangaa, kwamba siku zote mimi ndiye wanayemtegemea, kwamba amewazoea wengine kwa vurugu lakini si mimi. Nikamwambia hata mimi najishangaa. Akasema basi Jumapili niripoti ofisini kwake kabla sijaingia wodini, na nijue kwamba jambo hili litaandikwa. Nikasema, "Andika. Khalas, yameisha." Nikakata simu kabla hajaniita mvumilivu.

Nimerudi kwenye barua. Sitakudanganya kwamba nimejisikia shujaa. Naogopa. Jumapili huenda nikaambiwa nifunge virago, na nyumba hii inakuja na kazi hii, na mabati ya kuezekea ile nyumba ya Taita bado yako dukani. Nina hasira pia, si na meneja, na mimi mwenyewe, kwa sababu imechukua dakika mbili. Dakika mbili tu! Ningeweza kuzitumia mwaka ule, nikasimama kando ya mama yangu.

Sasa barua hii haina kazi kwenye mfuko wa koti. Naipitisha chini ya mlango wako. Isome, kisha utoke huko, usiniambie pole wala usinisifu, nimechoka kusifiwa. Kimanga kimebaki, nimekifunika. Na hiyo zipu uiache, utaikata. Begi hilo linataka mmoja akalie juu na mwingine avute, na kukalia ndiko ninakokuweza mimi.

Mama